Kamba ya Kichwani

"Basi kamba ya kichwani nampa daktari," alisema Ninian Tweddale, akilikata jina la mwanawe kwa kalamu hadi karatasi ikachanika. "Mtoto anayekwenda kuwatumikia watu wa reli hatalishusha jeneza langu."

"Daktari ana miaka sabini na nne, Baba," Wat akamjibu. "Utamzika wewe."

"Funga mdomo."

"Na wewe mwenyewe huna hata mafua."

Kweli hakuwa nayo. Ninian, mwenye duka na magari yote ya farasi pale kijijini Auchenbrock, alikuwa mzima kama fahali. Lakini wanaume wa kijiji kile walipenda kupanga mapema nani atashika kamba ipi ya jeneza siku ya kuteremshwa kaburini, na kamba ya kichwani ni ya mtoto wa kwanza wa kiume. Orodha ya Ninian ilikaa ndani ya Biblia, na kila aliyemuudhi alifutwa. Nduguye alifutwa kwa ugomvi wa uzio wa mpaka. Mchungaji alifutwa kwa mahubiri marefu. Kamba zilikuwa nane, majina yakabaki matatu.

"Na gari langu halimbebi," Ninian aliendelea. "Kituo kiko maili sita. Abebe sanduku lake mgongoni."

Treni ingeondoka saa tano asubuhi ile. Wat asipofika kazini Kilmarnock jioni ile, ukarani wake ungepewa mwingine, naye angebaki kusukuma magunia ya baba yake mpaka azeeke.

Alimtazama mama yake.

Euphan alikuwa akikoroga uji huku akiona aibu. Simba huyu alifugwa na nani, kama si yeye? Miaka ishirini na sita alikuwa akiwanyamazisha watoto kila buti ziliposikika kizingitini. Yai la kuchemsha alimpa bwana, watoto akawagawia kile kikofia cha juu kinachokatwa kwa kijiko. Majirani aliwaambia mumewe ana msimamo. Hata punda ana msimamo.

"Msikilize baba y—" mdomo ukaanza wenyewe. Akaukatiza. "Hapana. Hiyo nimeisema hadi imeniotea sugu ulimini. Wat, chukua sanduku."

"Unakwenda wapi, wewe mwanamke?"

"Kituoni, Baba Wat. Uji huo koroga wewe, usije ukaungua."

"Wambeya wa pale darajani watakuona."

"Waone. Maskini, wamekaa pale miaka yote hii wakingoja jambo."

Alivua aproni, akaenda bandani. Yeye, binti wa mkulima, hakuwa ameshika hatamu tangu arusi yake, na kwa ushujaa wake wote alifunga mkanda wa tumbo wa farasi kinyume. Farasi akageuza shingo kumtazama, kwa huruma, ilionekana. Akaufungua, akaufunga upya, kisha akamfunga farasi garini.

Ninian alisimama mlangoni, kalamu mkononi, akingoja kuombwa radhi.

"Panda, mwanangu," Euphan alisema. "Na ushikilie sana. Sikumbuki vizuri namna ya kumsimamisha."

Akatikisa hatamu, gari likatoka uani.