Maoni ya Kamati ya Ikombelo

1. TANGAZO

Wazazi na walezi wote wa Shule ya Msingi Ikombelo mnatangaziwa mkutano siku ya Jumamosi, asubuhi, katika chumba cha darasa la nne.

AJENDA
(a) Kufungua mkutano
(b) Pendekezo la Halmashauri la kuiunganisha shule yetu na Shule ya Msingi Ntandala
(c) Mengineyo

Subilaga Mwasomola
Mwalimu Mkuu na Katibu wa Kamati ya Shule

(Chini yake, kwa kalamu nyingine:)

Ajenda (b) ndiyo mkutano wenyewe. Hizo nyingine ni heshima tu. Njooni. Mwenyekiti.


2. Yaliyosikika kwenye mashine ya kusaga

"Kwa hiyo wanaifunga?"

"Wanaiunganisha."

"Tofauti yake nini?"

"Ikifungwa unalia. Ikiunganishwa unaandikiwa barua, halafu unalia."

"Ntandala wana walimu wengi lakini."

"Na mto je?"

"Mto upo."

"Basi."


3. Kwako unayesoma

Kama hujawahi kukaa kwenye kamati ya shule ya kijijini, ngoja nikueleze kidogo, mimi ninayekusanya vipande hivi.

Mishahara ya walimu hulipwa na serikali. Chaki, madaftari ya maandalio, karatasi za mitihani na kufuli la stoo hununuliwa kwa ruzuku, na ruzuku huja kwa kuhesabu vichwa. Mtoto akiongezeka, ruzuku inaongezeka kidogo. Mtoto akihama, anahama nayo. Lakini bati linalovuja halijui darasani wamekaa watoto wangapi. Linavuja vilevile.

Ikombelo iko juu mlimani, kwenye ukungu na chai. Vijana wengi wameshuka bondeni kulima kakao na mpunga, wakaoa huko, wakazaa huko. Kila mwaka darasa la kwanza lilipungua. Walimu wakabaki wawili: mwalimu mkuu na mwingine aliyekuwa akisubiri kustaafu.

Kamati huchaguliwa na wazazi. Hailipwi. Hukubaliana ruzuku itumikeje, huita watu kufyatua matofali, husuluhisha mzazi na mwalimu waliogombana. Kufunga shule haiwezi, na kuizuia isifungwe haiwezi pia. Hayo ni ya Halmashauri. Lakini kabla Halmashauri haijaamua, lazima ipate kutoka kwa kamati kitu kimoja.

Maoni.

Ndiyo hayo tu waliyokuwa nayo mikononi.


4. Atuganile Mwaipaja, mwenyekiti wa kamati

Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilichelewa. Nilitoka kuchuma chai, nikaingia mkutanoni na kikapu mgongoni, nikakuta watu wanapiga makofi. Nikauliza, nani amefariki? Wakasema, umekuwa mwenyekiti, mama.

Sikukataa. Shule ile nimesoma mimi, wakasoma wanangu, na sasa yupo Sekela, mjukuu wangu, darasa la kwanza. Mama yake yuko bondeni, mimi ndiye ninayemwogesha.

Kwenda Ntandala unashuka korongo lote, unavuka mto kwenye magogo mawili, unapanda tena. Mtu mzima haoni shida. Siku moja nilimchukua Sekela, nikamwambia leo tunatembea tu, mjukuu wangu. Tulipofika kwenye magogo aliyatazama, akanitazama mimi, akakaa chini. Hakulia. Alivua kandambili zake akanipa nizishike, akaanza kuvuka kwa makalio, polepole, huku maji yanapiga kelele chini yake.

Nilimwita arudi.

Akasema, "Bibi, si umesema tunaenda?"


5. Kwenye ubao wa shule, kabla haujafutwa

Leo tupo wote.
Kesho tutakuwepo wote.
Andika sentensi hizi kwa hati safi.


6. Barazani, Afisa Elimu Kata na Mwalimu Subilaga

"Mwalimu, umeomba uhamisho mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu, mkuu."

"Mume wako yuko mjini bado? Na mtoto?"

"Wako wote kwa bibi. Mtoto anaingia la kwanza mwakani."

Afisa alizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni. Hakuwa mtu mbaya. Hata sauti aliishusha kwa huruma.

"Shule ikiunganishwa, mwalimu mkuu wa hapa anabaki hana shule. Lazima apangiwe kwingine. Mjini wana upungufu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Wewe ndiye katibu. Kamati itasema mengi, wazazi watapiga kelele, wewe utaandika kwa kifupi. Kwamba wajumbe hawakuwa na pingamizi. Mwezi ujao unalala kwako."


7. Mwalimu Subilaga

Nilipoletwa hapa nilikuwa na mimba. Nilijifungulia mjini, nikanyonyesha mpaka likizo ikaisha, nikarudi naye mgongoni. Ukungu wa huku ukamwingia kifuani. Alikohoa mpaka macho yakavimba. Daktari alisema mtoto huyu asirudi mlimani, nami nikampeleka kwa bibi yake, nikasema ni kwa muda mfupi, nitahama tu, muda mfupi

Sasa anaongea sentensi ndefu ambazo sikumfundisha mimi.

Watoto wa watu wote wa kijiji hiki nimewashika mkono wakaandika herufi a. Wa kwangu atashikwa na

Hawana pingamizi.

Maneno mawili. Hata wino hayamalizi.


8. Atuganile tena

Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, nilikwenda nyumba ya mwalimu kumchukua Sekela. Alikuwa na tabia ya kupitiliza huko baada ya masomo. Nikabisha hodi, nikakuta mjukuu wangu amesimama juu ya kigoda, mikono ameinua, amevaa sare mpya ya bluu iliyojaa pini. Mwalimu amepiga magoti, pini nyingine ziko mdomoni.

"Ugonile, mwalimu," nikamsalimu. "Sare hii ya nani? Mimi sijanunua kitambaa."

Alizitoa pini mdomoni moja moja.

"Ya Lugano wangu, mama. Wanalingana umri. Nampimia kwa Sekela."

"Wanalingana na urefu?"

"Sijui."

Akacheka. Halafu kile kicheko kikamshinda, akageuka ukutani akawa anatafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake.

Nilimshusha Sekela. Nikamwambia nenda kacheze. Nikakaa kwenye kile kigoda, kikiwa bado na joto la miguu yake.

"Afisa alikuja," nikasema. Kijiji hiki pikipiki haipiti bila kujulikana.

"Alikuja."

"Alikuahidi kukurudisha kwenu?"

Akaitikia kwa kichwa. Hakuficha. Hapo ndipo nilipomwogopea, maana mtu anayeweza kudanganya angeanza na mimi, na huyu hakuweza.

"Na utaandika nini kesho, mwalimu?"

"Mtakachosema."

Nilirudi nyumbani nimemshika mjukuu wangu mkono. Nikaona haya. Miaka yote tulikuwa tunasema mwalimu wetu, mwalimu wetu. Hakuna aliyewahi kuuliza ana mtoto wa umri gani.


9. MUHTASARI WA MKUTANO WA KAMATI YA SHULE NA WAZAZI

KUFUNGUA: Mwenyekiti alifungua mkutano kwa sala.

AJENDA (b):

Bw. Ambakisye Mwakyoma, mzazi wa mwanafunzi wa darasa la sita, alisema anaunga mkono kuunganisha. Ntandala kuna mwalimu wa hisabati. Hapa hisabati ya la sita inafundishwa na mwalimu mwenye madarasa matatu kwa wakati mmoja. Alisema, "Simlaumu mwalimu. Namwonea huruma. Lakini mwanangu ana akili na naziona zinalala."

Wazazi wengine walipaza sauti. Mwenyekiti aliwataka wamwache amalize.

Bw. Mwakyoma alisema amemaliza.

Mzazi mmoja aliuliza watoto wa darasa la kwanza watavukaje mto wakati wa masika. Afisa Elimu Kata alijibu kwamba daraja liko kwenye mpango.

Mzazi aliuliza mpango wa mwaka gani.

Afisa alisema wa miaka ijayo.

Mwenyekiti alisimama. Alisema Ambakisye ana haki, na anayeogopa mto ana haki. Alipendekeza shule isifungwe na isibaki kama ilivyo. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wabaki Ikombelo mpaka miguu iwe mirefu. Kuanzia la tatu waende Ntandala, na baba zao wapange zamu ya kuwavusha. Ikombelo iwe shule shikizi, yaani tawi chini ya Ntandala.

Afisa alieleza kuwa hilo lawezekana kikanuni, ila shule shikizi haina mwalimu mkuu. Aliyepo ataondoka. Ruzuku itapitia Ntandala. Wanakijiji watatafuta wenyewe mwalimu wa kujitolea hadi hapo ajira zitakapopatikana.

Mwenyekiti alisema analijua hilo.

Alisema, "Mwalimu naye ana


10. Yasiyo kwenye muhtasari

Hapo kalamu ya katibu ilisimama.

Watu wa mbele waliona. Mwalimu Subilaga aliinua uso kumtazama mwenyekiti, na Atuganile akawa anaangalia dirishani, kana kwamba amesikia ng'ombe wake shambani.

"Andika, mwalimu," alisema bila kugeuka. "Andika kwamba mwalimu naye ana mtoto. Tumemtumia vya kutosha."

"Mama, hilo si la kuandika kwenye muhtasari."

"Mwenyekiti ni nani?"

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma akavuta kamasi. Kisha Ambakisye, yule wa hisabati, akainua mkono wa kwanza. Mingine ikafuata.

Afisa Elimu Kata aliuliza kama kuna mwenye pingamizi.

Mwalimu Subilaga aliandika yote. Sentensi ya mtoto nayo aliiandika, kwa hati yake ile safi ya ubaoni, kisha akamsogezea mwenyekiti karatasi asaini.


11. HALMASHAURI YA WILAYA, OFISI YA ELIMU MSINGI

YAH: MAONI YA KAMATI YA SHULE YA MSINGI IKOMBELO

Husika na somo tajwa hapo juu.

Maoni ya kamati yamepokelewa, yamejadiliwa katika vikao husika na kukubaliwa. Kuanzia muhula ujao Ikombelo itakuwa Shule Shikizi chini ya Shule ya Msingi Ntandala, kwa darasa la kwanza na la pili.

Aliyekuwa Mwalimu Mkuu anahamishiwa mjini kama mwalimu wa kawaida. Posho ya madaraka itasitishwa.

Mwalimu wa pili amekubaliwa kustaafu.

Kamati inakumbushwa wajibu wake wa kupata mwalimu wa kujitolea.

Nakutakia kazi njema.


12. Kuaga

Walimletea: ndizi mkungu mzima, chai ya kusaga kwa mkono, kuku asiyetaka kufungwa miguu, kitenge, maharage ya kila mtu kwenye mfuko mmoja, ya rangi zote.

Ambakisye alibeba sanduku mpaka barabarani. Walipofika alilitua, akapangusa jasho.

"Mwalimu, ile siku nilisema naona akili za mtoto zinalala."

"Ulisema kweli."

"Aliyeziamsha zikaanza kuonekana ni wewe. Hilo nilisahau kulisema mkutanoni."

Atuganile hakufika barabarani. Aliagana naye nyumbani, akakataa kulia, akamfunga kitenge kiunoni kama anamfunga binti yake siku ya harusi.

"Tukikwama nitakupigia."

"Mama, nipigie hata msipokwama."


13. Mjini

Lugano alimwamkia kama mgeni. "Shikamoo." Akapokea sare kwa mikono miwili, akaenda kuijaribu kwa bibi yake. Ilimpita magoti mpaka karibu na vifundo. Sekela ni mrefu kumbe.

Usiku ule mtoto alilala chumbani kwa bibi.

Na uliofuata.

Wa tatu alikuja na mto wake, akasimama mlangoni.

"Nikikohoa utaniamsha?"

"Sitalala kabisa."

"Ulale," alisema Lugano, akipanda kitandani. "Uniamshe tu."


14. Jumatatu, muhula mpya

Mwalimu wa kujitolea alikuwa amepatikana, kijana wa kidato cha nne, mpwa wa mtu. Alisema atafika Jumatatu. Huenda njia ilimzuia. Huenda alipata kazi inayolipa.

Kule Ikombelo watoto wa la kwanza na la pili walikwisha kufagia, wakapiga kengele wenyewe, wakaingia, wakakaa. Wakubwa walikuwa wameshavuka na baba zao. Atuganile alisimama mbele ya darasa na kikapu chake cha chai, akatazamwa na macho yote yale.

Alifanya kitu pekee alichoweza.

Mjini, Mwalimu Subilaga alikuwa akimfunga Lugano vifungo vya mgongoni. Simu ikaita. Akaibonyeza isikike kwa sauti, maana mikono ilikuwa kazini.

"Mwalimu! Wamekaa. Wamenyooka kama mishumaa. Mtu wetu hajafika. Sasa mimi naanzaje?"

"Huyo kijana atakuja, mama?"

"Sijui. Leo hajaja. Na watoto wapo leo."

Subilaga akafumba macho. Bado alikuwa na dakika chache kabla ya kengele ya shule yake mpya, ambako angekuwa mgeni wa kila mtu.

"Waambie wasimame."

Vishindo. Madawati yakaburuzwa. Kisha sauti nyingi ndogo, zikipasuka kwenye kile kipaza sauti kidogo: "Shikamoo mwalimuuu!"

Lugano aligeuka, kifungo kimoja bado wazi.

"Mama, hao nani?"

"Ni watoto niliokuwa nao."

Mtoto akaitazama simu. Akamtazama mama yake, muda mrefu, kama anayepima kitu.

"Wanajua irabu?"

"La kwanza hawajui bado."

"Mimi najua. Bibi alinifundisha."

"Mwalimu? Mwalimu, upo?" sauti ya Atuganile ikaita. "Wamesimama. Niwaambie nini?"

Lugano akanyoosha mkono. Subilaga akasita, kisha akampa simu. Ilikuwa kubwa kwa kiganja chake, akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mdomo.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nani, mwanangu?"

"Lugano."

Kisha ikasikika sauti ya mama mtu mzima ikiwaambia watoto, taratibu, wakae, watulie, wasikilize vizuri.

"Haya, Lugano. Tuko tayari."