Pakiti Nne za Siagi

Tangu mkewe Effie afariki, Lauchie MacVicar hakuwa na mtu wa kumgeuzia gramu kuwa pauni. Kilomita za barabarani alizizoea kwa kulazimishwa, na baridi pia aliihesabu kwa selsiasi kama redio ilivyotaka. Lakini uzito kwake ulibaki pauni. Wakubwa wa serikali kule Ottawa, watu wasiowahi kubeba hata gunia la viazi, ndio walioamka asubuhi moja wakabadilisha vipimo vya watu bila kuwauliza.

Sasa binti yake Rhoda alipiga simu kutoka hospitali. Mtoto wake, aliyezaliwa kabla ya siku zake, alikuwa amefika gramu elfu moja na mia tisa, na leo babu angeruhusiwa kumpakata. Lauchie akasema ana kazi. Kazi hakuwa nayo. Alimwona mjukuu mara moja tu, nyuma ya kioo, akaitazama mikono yake iliyochimba makaa ya mawe tangu ujana, akaogopa. Huyo si ataponyoka kama manyoya?

Akaenda dukani kwa Sadie, akamuuliza gramu elfu moja na mia tisa ni kitu gani hasa.

"Pakiti moja ya siagi ni pauni ileile ya zamani," Sadie akamwambia. "Walichobadilisha ni maandishi tu. Wewe chukua nne, na kidogo cha kupaka mkate juu yake, ndizo gramu zako. Unamwokea nani keki, mzee, au umeshapata mchumba?"

Lauchie akalipa, akatoka. Ndani ya gari alizifunga zile pakiti nne kwenye skafu yake, akazilaza mkononi. Akashangaa. Hazikuwa manyoya. Ziliulemea mkono, zikakaa. Akaendelea kuzipakata mpaka zikaanza kulainika, ndipo akawasha gari kwenda hospitali.

Rhoda alimlaza mtoto kifuani pa Lauchie.

"Usikaze mikono hivyo, baba. Havunjiki."

"Najua," akasema, na kweli alijua. Ila siagi haikuwa na joto hili, wala haikupumua shingoni mwake.

Baadaye nesi akaja na mizani, akasema ni saa ya kumpima mtoto. Lauchie akageuka naye upande wa ukuta.

"Waambie Ottawa waandike wanachotaka," akanong'ona. "Mimi bado nampima."

Nesi akamtazama Rhoda, akaisogeza mizani pembeni, akaenda kupima watoto wengine kwanza.