Presha ya Mkwe

Nesi Anastazia alipenda jambo lisiloeleweka kama wengine wapendavyo asali. Na kijana aliyelala kwenye kitanda cha zahanati ya stesheni ya Itigi alikuwa jambo la namna hiyo.

Aliitwa Andrea, naye alitaka kazi ya kuchochea moto kwenye gari moshi. Jana yake daktari alimpima ameketi, akakuta presha imezidi kidogo. Akaacha agizo: apimwe amelala, kisha amesimama. Ikipanda akisimama, kazi ya moto asipewe. Isipopanda, apewe.

Anastazia akamfunga kipimo mkononi, akatazama zebaki. Amelala, iko juu. "Simama." Ikashuka. "Lala." Ikapanda tena, na Andrea akageuzia uso ukutani kama mtoto anayekwepa kwinini.

"Kitanda kina siafu?"

"Hapana, mama."

"Mbona umekakamaa kama gogo? Wenzako wakilala ndipo wanapotulia."

 Dresa Fabiano, mfunga vidonda wa zahanati, aliyekuwa akikunja bendeji, akacheka. "Nesi, mwache aende. Akisimama inashuka. Amefaulu huyo."

Kufaulu alikuwa amefaulu. Lakini Anastazia hakuridhika. Kijana mzima achoshwe na kulala?

"Baba yako nani?"

"Mughwai wa Ikungi."

Anastazia akaachia mkono wake kama aliyeshika kaa la moto. Mughwai ndiye aliyetuma mshenga kumposea mwanawe Selina, binti wa Anastazia. Mume wake alikwisha kukubali mahari huko nyumbani, yeye akiwa huku kazini. Na kwao, mwanamume akikutana na mama mkwe njiani huingia porini ampishe. Huyu amelazwa chali mbele yake!

"Ulinijua?"

"Tangu mlangoni, mama."

"Ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Kwamba kazi siitaki?"

Anastazia akatoka mbio nusura aangushe beseni. "Fabiano! Mpime wewe. Mwache atulie kwanza."

Akangoja nje, akijiuliza aibu inaingiaje kwenye damu. Baadaye Fabiano akatoka, kicheko kimemwisha.

"Mambo yamegeuka. Amelala, ni ya kawaida kabisa. Amesimama, imeruka kupita ile ya jana. Nimerudia, ni vilevile." Akapunguza sauti. "Tumpe daktari vipimo vyako. Ni mkwe wako."

"Ndiyo sababu tutampa vyako. Vyangu vimepima aibu ya kulala mbele yangu. Unataka Selina aletewe maiti kutoka kwenye tanuru?"

Akasogea dirishani, kando ya mlango, akaligeuzia kisogo. "Andrea!"

"Naam, mama."

"Kazi ya moto hupati. Ukisimama, damu yako inajikaza kuliko ya wenzako. Kwa nini, sijui. Nitamwuliza daktari, na asipojua nitaendelea kuuliza."

 Sauti ikatoka ndani, ndogo: "Na Selina?"

"Selina yuko palepale. Umesikia nimemtaja?"

"Hapana, mama."

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Stesheni wanatafuta karani wa mizigo, kazi ya kukaa kitini. Nenda kaombe sasa hivi, kabla treni ya Tabora haijaingia wakakosa nafasi ya kukusikiliza."

Viatu vikasikika vikija mlangoni, vikasita.

"Pita mlango wa nyuma," akasema Anastazia. "Huu nimesimama mimi."