Bendi ya Reli Saa Tisa Alasiri

Araba Eshun hakuwa na meno manne ya chini, hakuwa na meza ya kukandia isiyotikisika, hakuwa na mtoto aliyeishi karibu zaidi ya Tamale, kaskazini kabisa, na tangu Pasaka ya mwaka jana hakuwa na mume. Hakuwa na laini ya simu iliyoandikwa kwa jina lake. Hakuwa na alama za vidole. Na katika miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwahi kuwa na wimbo aliouchagua mwenyewe.

Yote hayo alikwisha kuyazoea, isipokuwa hilo la mwisho, ambalo hakujua kwamba analikosa.

Redio ya nyumba ile ya Sekondi, mji wa reli pwani ya Ghana, ilikuwa ya marehemu, Mzee Egyir, karani mstaafu wa simu za reli. Aliifungua asubuhi na kuifunga jioni, na alipenda kitu kimoja tu: bendi ya reli ikipiga nyimbo za gwaride. Kila Araba aliponyoosha mkono kwenye kitufe, mumewe alisema, "Araba, unga," naye aliutazama mkono, akakuta kweli una unga, akaurudisha. Alikuwa mwoka mikate. Mkono wake ulikuwa na unga siku zote.

Mwaka wake wa mwisho mzee alinunuliwa simu kwa pesa za mikate, na ndani yake akafungua akaunti ya muziki kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Simu ya mkewe aliiunganisha humo humo, kama mtu anavyofunga behewa nyuma ya treni. Alipokuwa anakata roho aliomba azikwe na simu yake. Ukoo ulikubali, ukaongeza na chaja, ingawa hakuna aliyeuliza angeichomeka wapi.

Araba alipovua nguo nyeusi za eda, jirani yake Ekua Baidoo, msusi, aliichukua simu yake ili amwonyeshe namna ya kufuta picha, akakuta ile programu ya muziki bado iko wazi.

"Mama, kumbe humu una nyimbo zote za dunia."

"Zote?"

"Zote. Taja unayotaka."

Ekua akarudi kwenye kichwa cha mteja wake, akasuka mstari mzima. Hakuna aliyewahi kumuuliza Araba swali hilo.

"Nataka wanawake," alisema hatimaye. "Wengi, wakiimba pamoja. Na tarumbeta moja tu, isiyojidai."

Zilikuwepo. Tangu siku hiyo, saa tisa alasiri, aliifunga simu kwenye mfuko wa plastiki isiingie unga, akaitundika kwenye msumari juu ya meza, akakanda. Akiwa na umri wa miaka sitini na sita aligundua kwamba anapenda nyimbo za wauza samaki, hapendi magitaa yanayolialia, na kwamba wimbo ukiwa mzuri donge la unga hugeuka lenyewe. Wateja walisema mikate imekuwa laini. Mchungaji wa Methodisti alisema amemwona akitikisa bega, na kwamba hakuna ubaya, ni bega moja.

Jumanne ya wiki ya tano, wimbo ulikatika katikati ya neno. Araba alimwita Ekua, kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

"Inasema akaunti inatumika kwenye simu nyingine," Ekua alisoma. "Simu ya Egyir."

"Iko wapi hiyo simu?"

"Makaburini, ng'ambo ya reli. Chaji yake imejaa."

"Anasikiliza nini?"

"Bendi ya reli."

"Basi ni yeye," Araba alisema, akaendelea kukanda.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi marehemu hakusikiliza kitu, na usiku pia hakusikiliza. Alianza saa tisa kamili, mkewe alipotia mikono kwenye unga, akaacha saa kumi, mikate ilipoingia tanuruni.

"Huyu mzee ana saa moyoni," alisema Ekua. "Mama, fungua akaunti yako, achana naye."

Araba alijaribu. Programu ilitaka namba ya simu, na namba yake ilikuwa imesajiliwa na mumewe kwa kitambulisho chake yeye mume. Ujumbe wa kuthibitisha ulikwenda kwa mwenye laini, makaburini, na mwenye laini hakuupeleka mbele. Araba akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda ofisi ya simu kusajili laini mpya. Karani alimbonyezesha vidole kwenye kioo kimoja kimoja, vyote kumi, mara tatu.

"Mashine haioni kitu," alisema karani.

"Vidole si hivi hapa?"

"Mimi naviona, mama. Mashine ndiyo haioni. Umevifanyia nini?"

"Nimekanda."

"Kwa muda gani?"

"Tangu Egyir aliponioa."

Karani alimwambia apumzishe vidole miaka miwili, kisha arudi.

Akapiga simu huduma kwa wateja, huko Accra, akapata dada mmoja mpole kama anayesoma matangazo ya kanisa.

"Mwenye akaunti ni nani, mama?"

"Mume wangu. Amekufa."

"Pole sana. Ila huku anaonekana yuko hewani. Ngoja nimtumie ombi lako, akikubali tutabadilisha."

Jibu lilirudi kabla ya dakika mbili kwisha. Egyir alikuwa amekataa. Araba aliuliza mara mbili kama ni yeye kweli, si kwa sababu alikuwa amekufa, bali kwa sababu ya haraka ile. Zamani, Egyir alipohamishiwa Tarkwa, Araba alijiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, akasoma miezi sita mpaka akapata cheti, ili amwandikie. Alimwandikia barua kumi na moja. Hakujibiwa hata moja.

Ikabaki kwenda kwa ukoo wa marehemu. Mkuu wa ukoo, Mzee Arhin, alimpokea barazani pamoja na Kojo, mpwa wa marehemu, ambaye kwa desturi yao ndiye aliyerithi kiti, vitambaa na ile redio.

"Mke wetu," alisema Mzee Arhin baada ya maji na salamu, "mali ya mtu hurithiwa akiiacha. Egyir hajaiacha. Anaitumia. Sisi tutamnyang'anya vipi mtu kitu kilicho mkononi mwake?"

"Sitaki kumnyang'anya. Nataka saa moja."

"Na malipo ya akaunti ya kila mwezi anatoa nani?"

"Mimi."

"Usiache. Kule aliko wamo wazee wetu. Itakuwa aibu akikatiwa mbele yao."

"Kwa hiyo nilipe, nisisikilize?"

"Ndivyo ulivyofanya miaka arobaini na moja," alisema Mzee Arhin kwa upole, "na ndoa yenu tukaisifu sisi wote."

Kojo aliuliza kama neno la siri la akaunti linafahamika, kwa sababu redio aliyorithi ilikuwa inakwaruza. Araba akasema hakumbuki. Aliporudi nyumbani alimwambia Ekua kwamba wamemsikiliza vizuri sana, na maji yalikuwa baridi.

Wiki iliyofuata alikufa Ato Quaicoe, dereva wa treni, rafiki wa Egyir tangu ujana. Araba aliagizwa mikate ya msiba. Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kuipeleka, alikaa kwenye meza yake inayotikisika, akatia gazeti chini ya mguu mfupi, akaandika kwa mwandiko wa masomo ya jioni:

*Mume wangu Egyir, salamu. Mimi mzima. Unga umepanda bei lakini watu wanakula. Nakuomba saa moja tu, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi, wakati wa kukanda. Siku yote iliyobaki ni yako. Ukikubali, usijibu, nyamaza tu kama kawaida yako. Mkeo, Araba.*

Marehemu Quaicoe alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye maua, amevaa suti ya bluu na kofia ya udereva, na mbele yake kulikuwa na foleni. Kila aliyekuwa na ujumbe kwa watu wake waliotangulia aliinama akaunong'oneza. Wenye barua walikuwa wachache, na suti ilikuwa na mifuko mitatu, miwili imekwisha kujaa mambo ya ukoo.

Mjane, Mama Esther, alikaa pembeni akipunga nzi.

"Araba, mwenzangu, mfuko mmoja umebaki, na nimekuwekea wewe," alisema. "Lakini mkono mtupu haulambwi. Ato amesema barua yako ataifikisha, ila na yeye anataka aunganishwe kwenye huo muziki wenu. Simu yake ninamwekea."

"Amesema lini?"

"Leo asubuhi, tulipokuwa tunamvisha soksi."

"Na anapenda nyimbo gani?"

"Unauliza? Bendi ya reli."

Araba alimtazama Quaicoe. Quaicoe alitazama mbele, kama dereva anayesubiri bendera ya kijani. Watu wa nyuma kwenye foleni walianza kukohoa.

"Saa ngapi anapenda kusikiliza?" Araba aliuliza.

"Yule mwenzake alishazoea saa tisa. Watasikiliza pamoja."

Araba akalitaja neno la siri, herufi moja moja, na Mama Esther akaliandika kwenye kiganja cha mumewe kwa kalamu ya wino, taratibu, asikosee.

Bahasha ya Araba haikuwa na gundi. Alitoa kwenye pindo la kitenge chake kidonge cha unga alichokikanda asubuhi, akakilowesha kwa mate, akakipaka ukingoni, akabana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Akaiingiza kwenye mfuko wa kifua wa suti ya bluu, akaupigapiga ulale sawa. Kwenye bahasha nyeupe hapakubaki alama yoyote ya kidole. Saa nne wakamtoa Quaicoe kwenye kiti, wakamlaza jenezani, wakagongelea kifuniko misumari, na barua ya kumi na mbili ikaondoka.