Chachu ya Bernadetha

…bado laini, gesi haijajaa, ubavu wa chupa unabonyea chini ya kidole gumba, Letisia anaiacha, anashika nyingine kwenye beseni, nayo laini, lakini ni asubuhi bado, jua la Magomeni hii ya kando ya mto Mkondoa halijafika jikoni, na soda ya tangawizi haikimbizwi, alisema mama, au ndivyo wanavyodai alisema, maana tangu afariki kila mtu ana methali yake ya mama, hasa shangazi Sesilia, huyo hapo uani anaifokea simu, "Kaka, panda basi uje! Chachu ni ile ile ya marehemu, tuliiokoa na mafuriko kwa mikono hii!" … mikono ipi, shangazi, Mkondoa ulipoingia sebuleni si ulikuwa juu ya meza umekumbatia vitenge vyako, kopo la chachu likaenda na maji, na sufuria, na kiatu kimoja cha kila mtu, hii ya leo Letisia ameianza mwenyewe kwa tangawizi ya sokoni… na baba anakuja kwa ajili ya uongo huo, hapo ndipo penye mwiba, mzee Beda aliyejifungia Mikumi kwa mwanawe Fortunatus tangu mazishi, Pasaka hakuja, ubatizo wa mjukuu hakuja, ati meza bila Bernadetha ni mbao tu, leo anakuja kwa kuwa ameambiwa kuna kitu cha mkewe bado kinapumua… na akionja akajua? asipojua ndiyo vibaya zaidi, atalilia tangawizi ya sokoni, na yeye Letisia aliyekwenda chuo kikuu kujifunza kuita mambo kwa majina yake atasimama na sinia akichekacheka… "Leti! Kaka kashapanda basi!" "Nimesikia, shangazi." "Na usimletee ukweli wako wa chuo, mwache mzee afurahi!" … afurahi, ndiyo, chupa ya tatu, laini vilevile, na dirisha hili hili, miaka ile, Letisia yuko kidato cha pili, kopo la chachu limeota ukungu mweusi, mama ananusa, "hii imekufa," anaimwaga kwenye migomba bila hata pole, anachukua kisu, anaanza kukata tangawizi nyingine, na Letisia mdomo wazi, mama, si ya bibi hiyo? na mama anacheka mpaka kisu kinamtoka, "Ya bibi aliimwaga bibi mwenyewe! Mambo ya ukoo mnayaleta nyie, mimi nataka watu wanywe"… kumbe, kumbe miaka yote baba alikuwa akinywa kopo hili na kopo lile, hakujua, hakuuliza, kila sikukuu neno lake lilikuwa moja tu, sukari haitoshi, na mama, "bakuli la sukari hilo, si wewe mtu wa mashamba ya miwa ya Ruaha, jiongezee," na hapo ndipo sherehe ilipokuwa ikianza hasa… basi atamwambia, akishaitikia shikamoo na kabla hajaonja, baba, ya mama ilikwenda na maji, hii ni yangu, shangazi atajiziba mdomo kwa kanga, baba ataizungusha glasi mkononi, ataizungusha mpaka watu waangalie vidole vya miguu yao, kisha atakunywa, maana ni mtu wa adabu, na Letisia anajikuta, mkono ungali ndani ya beseni, ana hamu, hamu kama ya njaa, ya kumsikia mzee yule akimlalamikia yeye, Letisia, kwamba sukari haitoshi.