Cha Pembeni Hakihesabiwi

Mshonaji alikuwa ameapa mbele ya daktari, tena kwa kaburi la mama yake, kwamba chungu chake kimesahau chumvi ikoje. Wala hakusema uongo. Tangu mumewe, fundi wa malori, aambiwe kwamba moyo umechoka na chumvi ndiyo inayomjaza maji, alimpikia wali dufu, maharage dufu, na samaki wa kuchemsha asiye na habari. Lakini miguu ya mzee ilizidi kuvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na pumzi zikawa zinakwaruza kama msumeno kwenye mti mbichi. Wakamlaza tena. Daktari akamwita mshonaji kando, akamwambia dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Kama kuna chumvi inapenya mahali, mzee hafiki mbali.

Akarudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Akabadilisha unga, akahama muuza samaki, akaonja hata maji ya bomba. Mchawi haonekani.

Kesho yake mchana akafika wodini na kapu lake. Akapakua wali na maharage, kisha kama kawaida akafungua kichupa cha achari ya ndimu, akaweka kijiko kizima pembeni ya sahani. Muuguzi, binti mwembamba aliyekuwa akimpima presha mgonjwa wa kitanda cha jirani, akageuka.

"Mama, hiyo nini?"

"Achari tu, mwanangu. Ya kumfungulia mdomo."

"Unaitengenezaje?"

Mshonaji akaeleza kwa raha, maana sifa ya mkono wake ni hiyo. Ndimu unazipasua, unazishindilia chumvi mpaka zinakinai, unaanika juani. Alipofika kwenye kuanika sauti ikakatika yenyewe.

Muuguzi akauliza kwa nini siku zote hakuitaja, na kila mara anaulizwa mgonjwa anakula nini. Jibu alikuwa nalo, ila lilimtoka kinyonge. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha hivyo alipoolewa: chakula ni kilichotoka chunguni, hicho mpishi atakijibia. Cha pembeni ya sahani ni cha mlaji mwenyewe. Hakisifiwi, hakilaumiwi, hakihesabiwi. Daktari aliuliza chakula, naye akataja chakula.

"Ukiulizwa una watoto wangapi," akasema, "unamtaja na paka?"

Jirani akacheka mpaka akakohoa. Muuguzi hakucheka.

"Mama, mwili haujui cha chunguni wala cha pembeni. Vyote vinapita mdomo mmoja."

Mshonaji akakaa ukingoni mwa kitanda. Kadiri chakula kilivyozidi kuwa dufu ndivyo mzee alivyoomba achari zaidi, naye alimwongezea kwa huruma. Chumvi yote aliyoitoa chunguni ameirudisha kwa kijiko, tena na nyongeza. Amemlisha kwa mkono wake mwenyewe, akimbembeleza kama mtoto.

Akasimama, akaenda kwenye sinki la mwisho wa wodi, akamwaga kichupa chote, akasukuma maganda kwa vidole mpaka yakapita. Mzee alimtazama muda wote. Aliporudi na sahani, mzee akafumba mdomo.

"Kula, baba."

"Wali huu umeoga ukasahau kujipaka mafuta," mzee akasema. Pumzi ikamkata, akangoja. "Siuwezi. Bora nife nimeshiba ladha."

"Usiniambie hivyo. Mimi ndiye nitakayebaki."

Akamweleza kwa kunong'ona asubuhi zinavyokuwa kitanda kikiwa na mtu mmoja, akamtajia wajukuu, akatishia kumwita dada wa mzee aje amlishe kwa nguvu. Mdomo haukufunguka. Mara mzee akanusa. Akamshika mkono wa kushoto, ule uliosukuma maganda, akauvuta polepole kuelekea kinywani, macho yamejaa machozi kama mwenye kiu aliyesikia maji.

"Ncha ya kidole tu, mke wangu."

Mshonaji akakunja ngumi. Mzee alijaribu kuifungua, kidole kimoja kimoja, kwa mikono ile iliyowahi kulegeza nati za malori, na haikufunguka. Akaanza kulia kwa sauti, mdomo wazi. Mkono wa kulia wa mshonaji ukapeleka kijiko cha wali humo humo, kisha akakiziba kinywa kwa kiganja cha mkono huo huo, naye analia, akingoja ameze.