Viungo vya Kona ya Bwawani

Mafuriko ya Machi yalikuwa yameizoa kona yote ya bwawani, kokoto, reli na mataruma yanayozishikilia, yakaitupa nyasini kama ngazi iliyovunjika. Ilikuwa njia ya treni ndogo ya bustani, ile ambayo abiria wake huketi juu ya mabehewa kama waliopanda farasi, magoti yakikaribia kidevu. Lakini kwa watu wa kujitolea walioitunza katika mji ule mdogo wa Wisconsin, haikuwa mchezo hata kidogo. Walikuja kila Jumamosi na glavu zao na chupa za kahawa, wakaipenda njia ile kama watu wengine wanavyolipenda kanisa lao.

Ardith Nygaard alirudi kazini mwezi wa Aprili, baada ya kuuguza nyonga iliyopasuliwa majira yote ya baridi. Kwa miaka mingi yeye na Maxine Dufresne, msimamizi wa njia, walikuwa wamepiga magoti bega kwa bega, mmoja akishika kipimo, mwingine akikaza skrubu, wala hawakuhitaji kuambizana neno. Kitandani, usiku na mchana, Ardith hakuwaza kingine ila kurudi mahali pale ubavuni mwa Maxine. Alipofika konani alikuta mahali pale pana mtu.

"Huyu ni Corinne," Maxine alisema bila kuinuka. "Amenifaa sana ulipokuwa mgonjwa. Wewe leo usijichoshe, mwenzangu. Kaa pale utupangie skrubu."

Corinne Pacholski alikuwa muuza maua mstaafu, mwepesi wa kucheka. Alimpa Ardith mkono, akasema amesikia habari zake nyingi. Ardith akamjibu kwamba yeye za kwake hajasikia hata moja.

Akaketi kwenye kiti cha kukunja, kopo la skrubu mapajani, baridi ya asubuhi ikimpenya hadi kwenye mshono wa nyonga. Kilichomuuma zaidi hakikuwa baridi. Maxine alimwita yule mwanamke "Maua." Maua, nipe kipimo. Maua, sogeza taruma. Miaka yote ile Ardith hakuwahi kupewa jina la utani. Wakacheka juu ya jambo la Februari ambalo yeye hakulijua, na hakuna aliyekumbuka kumweleza. Aliwatazama kwa jicho la pembeni.

Hapo ndipo alipoona. Corinne alikuwa akizisukuma reli zigusane, ncha kwa ncha, huku Maxine amempa mgongo akimimina kokoto. Reli zile ni za alumini, na alumini hutanuka juani. Ndiyo maana asubuhi ya baridi huachwa pengo kwenye kila kiungo, unene wa kijiti cha aiskrimu, ili reli ipate pa kwenda mchana. Ukiibana, itajikunja.

"Angalia, Ardith," Corinne alimwambia kwa fahari, "hata unywele haupiti hapa."

Ardith akafungua kinywa. Kisha akakifunga, akasema kwamba kweli, ni kazi safi.

Hakuwa mwovu, na alijua alichofanya. Alijiambia kwamba anayejitia ufundi na apimwe kwa ufundi. Kila Corinne alipokaza skrubu, Ardith alimwona akilini mwake akibingirika nyasini mbele ya watu wote, na Maxine akigeuka, hatimaye, kumtafuta mwenzake wa zamani. Picha ile ilimchangamsha kuliko kahawa. Akawapitishia skrubu moja moja, tena kwa upole.

Mchana jua likatoka kali, la kuvua makoti. Wakala soseji na saladi ya viazi, kisha Duane, fundi wa injini, akaileta treni hadi mwanzo wa kona. Desturi ya pale ni kwamba aliyelaza reli ndiye hupita kwanza, ili kama kuna kasoro, aionje mwenyewe. Maxine akapanda mbele kuendesha. Corinne akaketi nyuma yake, akamshika mabega.

"Vipi, Ardith," Duane akamtania, "leo umeshushwa cheo ukawa bibi wa skrubu?"

Ardith hakumsikia. Alikuwa ameikodolea macho mikono ile juu ya mabega ya Maxine. Desturi aliijua tangu zamani, ila katika picha aliyojichorea asubuhi nzima, Maxine alikuwa amesimama pembeni, salama. Wivu ulikuwa umemfuta Maxine kwenye behewa. Na mbele ya injini reli ilikuwa imeanza kufanya tumbo, ikielekea majini.

Akasimama, nyonga ikapiga kelele, akaingia katikati ya njia na kunyoosha mkono.

"Shukeni. Viungo vimebanwa."

Maxine akashuka, akainama, akapitisha kidole kwenye ule mpindo.

"Umeona saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Ukiwa umekaa pale pale?"

"Pale pale. Nilitaka aanguke."

"Mimi?" Corinne akasema. Alijaribu kucheka, sauti ikamsaliti. "Si ungeniomba tu nijitupe bwawani, dada? Ningekupunguzia kungoja." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari za pengo.

"Hilo ni kosa langu," Maxine akasema. Alikuwa anamtazama Ardith. "Sikuwahi kulisema kwa mtu. Miaka yote hii wewe hukuhitaji kuambiwa, nikasahau kwamba ni jambo la kuambiwa."

Ilikuwa sifa aliyoitamani maisha yake yote pale bustanini, na ilimjia wakati ambao hakuweza hata kuinua uso kuipokea.

"Reli mtaifungua nyinyi wawili," Maxine akaendelea. "Mimi leo siwezi kukutazama, Ardith. Labda Jumamosi ijayo." Akaondoka kuelekea bandani.

Wakapiga magoti. Ardith akaeleza: reli ikiwa na joto kama sasa, unaikata ncha kidogo kwa msumeno, unaacha pengo jembamba, unene wa ukucha; ikiwa baridi, unaacha pana zaidi. Corinne alikuwa bado amekasirika, lakini aliuliza maswali mazuri, na mkono wake ulishika haraka. Haraka mno. Kila neno Ardith alilolitoa lilikuwa kipande cha mahali pake ubavuni mwa Maxine, akikitoa kwa mkono wake mwenyewe, na wivu ukamtafuna vilevile kama asubuhi.

Walipofika kiungo cha mwisho, cha upande wa maji, Corinne alikaza skrubu akidhani kazi imekwisha. Ardith angeweza kunyamaza. Maxine hakuwa akitazama.

"Usikaze hadi mwisho," akamwambia. "Ya upande huu irudishe nyuma kidogo, reli iweze kuteleza. Ngoja nikuonyeshe."